Saa ya Tiketi na Saa ya Jua

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

KABLA YA KUSIKILIZA. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni hesabu hizi: 06:00, 10:30, 13:15, 18:00, 20:00, 00:30. Kisha achore duara kubwa la uso wa saa, lenye hesabu 1 mpaka 12. Kila mwanafunzi awe na penseli na karatasi.

MAZUNGUMZO

Mama uliyekuja na mtoto mgongoni, karibu. Mzee uliyesahau miwani yako, karibu vilevile. Jirani yako atakusomea.

Leo tutasoma tiketi ya eropleni. Najua mmoja wenu anasema moyoni, "Mimi sijapata kupanda eropleni, wala sina fedha za kupandia." Usiondoke, ndugu yangu. Hesabu za saa zilizomo katika tiketi ya eropleni ndizo utakazozikuta katika tiketi ya gari la moshi, katika tiketi ya basi la usiku, na pengine katika kadi ya hospitali au barua ya korti. Akizijua mtu huku, atazijua na kule.

Nitawasimulia safari ya Lamu niliyoifanya pamoja na dada yangu mkubwa. Mimi ni mwalimu, nimesoma tangu utoto wangu. Dada yangu alianza kusoma akiwa na miaka hamsini na miwili, katika darasa kama hili lenu. Sikilizeni mpaka mwisho, kisha ninyi wenyewe mtasema ni nani kati yetu aliyesoma vizuri siku ile.

Uwanja upi?

Mtoto wa kiume wa dada yangu anafanya kazi Lamu, na huko huko akapata mchumba. Arusi iliwekwa siku ya Jumamosi, na nikahi ilikuwa isomwe baada ya sala ya alasiri. Kutoka Nairobi mpaka Lamu kwa basi ni safari ndefu, na dada yangu anaumwa goti. Hawezi kukaa garini usiku kucha. Basi sisi ndugu tukachanga fedha, tukanunua tiketi mbili za eropleni. Tiketi zililetwa katika simu, nasi tukaenda dukani tukazichapisha katika karatasi.

Tulilala Nairobi kwa jamaa. Jumamosi asubuhi tulikuwa tayari mapema. Tiketi ilisema eropleni itaondoka 10:30, maana yake saa nne na nusu asubuhi. Tukaingia katika teksi. Dereva akauliza, "Mzee, twende uwanja upi?"

Nikajibu upesi, "Uwanja mkubwa, wa Jomo Kenyatta. Uko mwingine?"

Dada yangu alikuwa ameshika karatasi, akifuata maandishi kwa kidole kama alivyofundishwa darasani. Akasema, "Mdogo wangu, hapa naona W, naona I, naona L. Halafu kuna mshale, kisha L, A, U. Hii W-I-L ni nini?"

Nikamwambia, "Dada, hizo ni herufi za kampuni. Wewe tulia."

Akanyamaza. Lakini kidole chake hakikuondoka pale.

Sasa ninyi mlio darasani, sikilizeni jambo nisilolisoma mimi. Nairobi ina viwanja viwili vya eropleni za abiria. Kimoja ni kile kikubwa cha Embakasi, kilichofunguliwa mwaka 1958, na ambacho tangu mwaka 1978 kinaitwa kwa jina la Jomo Kenyatta. Cha pili ni kile cha Wilson, kilicho karibu na njia ya Lang'ata. Kilipewa jina la Bibi Florence Wilson, aliyeanzisha kampuni ya eropleni Nairobi mwaka 1929. Eropleni za kwenda Lamu zaweza kuondoka katika kiwanja hiki au kile, kwa kadiri ya kampuni uliyonunua tiketi.

Ili watu wasipotee, viwanja vya eropleni za abiria hupewa herufi tatu tatu. Jomo Kenyatta ni NBO. Wilson ni WIL. Mombasa ni MBA, Malindi ni MYD, Lamu ni LAU. Dar es Salaam ni DAR, na Unguja ni ZNZ. Herufi za kwanza zaonyesha unakotoka, na herufi za pili zaonyesha unakokwenda. Tiketi yetu ilisema WIL, kisha LAU. Dada yangu alikuwa amesoma sawasawa. Mimi sikusoma, nilikisia.

Tulipofika mlangoni pa Jomo Kenyatta, askari aliitazama karatasi yetu akatikisa kichwa. "Mzee," akasema, "ninyi ni abiria wa Wilson."

Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini. Tukarudi katika teksi tukalipa mara ya pili. Njiani magari yalisimama kama mawe. Nilitazama saa yangu kila dakika, na jasho likanitoka. Mama wa bwana arusi ataikosa arusi ya mwanawe, na sababu ni mimi, mdogo wake msomi. Dada yangu hakunilaumu kwa neno hata moja. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Tulifika Wilson saa nne kamili. Wakati kama huo karani wa tiketi huwa amekwisha kufunga orodha ya abiria. Tukakimbia kadiri goti lilivyoruhusu. Nikainua macho nikatazama ubao wa habari za safari, na mbele ya safari yetu palikuwa na neno moja, DELAYED.

Neno hili mliandike, maana viwanja vingi huliandika kwa Kiingereza: D, E, L, A, Y, E, D. Maana yake imecheleweshwa. Eropleni itakwenda, lakini si kwa saa iliyoandikwa kwanza. Liko na neno jingine, CANCELLED. Hilo maana yake safari imefutwa. Mtu asiyeyatofautisha maneno haya mawili aweza kurudi nyumbani akilia, kumbe eropleni yake iko njiani yaja.

Maswali matatu ya dada yangu

Tulipoliona lile neno tulimshukuru Mungu. Lakini furaha haikudumu. Abiria walikuwa wamekaa, kila mtu na habari yake. Mmoja alisema eropleni imeharibika. Wa pili alisema ni mvua. Wa tatu alisema safari haipo tena leo, ila wanaficha. Karani alikuwa amesema neno moja tu, "Subirini." Hakusema mpaka lini, wala kwa nini.

Mimi nilikaa kitini nikiwa nimekasirika. Dada yangu alisimama akaenda mpaka mezani kwa karani, kijana wa umri wa mwanawe.

"Hujambo, mwanangu," akasema. "Naona kazi ni nyingi. Mimi nina maswali matatu tu."

"Sijambo, mama. Uliza."

"La kwanza, eropleni imechelewa kwa sababu gani? La pili, sasa inatazamiwa kuondoka saa ngapi? La tatu, isipoondoka leo, mtatufanyia nini?"

Yule kijana akaacha kuandika. Akaeleza vizuri, bila hasira, maana hakuulizwa kwa hasira. Eropleni yetu ilikuwa imetoka alfajiri kupeleka abiria mahali pengine, na huko ilikuta mvua kubwa ikangoja. Sasa mvua imekatika. Ikirudi itatiwa mafuta, itakaguliwa, kisha itachukua abiria wa Lamu. Inatazamiwa kuondoka 13:15. Isipoondoka leo, kampuni itawapa abiria nafasi nyingine au itawarudishia fedha zao.

Baada ya dakika tano abiria wote walikuwa na habari moja, na zile habari tatu zilikwisha.

Wanafunzi, mwalifahamu jambo hili? Eropleni moja hufanya safari nyingi kwa siku moja. Ni kama jozi moja ya ng'ombe wa kulimia inayotumiwa na majirani watatu. Jirani wa kwanza akichelewa kumaliza shamba lake, wa pili atachelewa, na wa tatu naye atachelewa, ingawa katika shamba lake hakuna mvua wala kisiki. Ndiyo maana waweza kutazama juu ukaona mbingu nyeupe, ukashangaa kuambiwa kwamba mvua imechelewesha safari. Mvua yenyewe iko kule eropleni ilikotoka, au kule inakokwenda.

Tena rubani haruhusiwi kutua mahali asipopaona sawasawa, wala kufanya kazi saa nyingi kupita zile zilizowekwa na sheria, maana rubani aliyechoka ni hatari. Kwa hiyo kungoja kwaweza kuwa kwa faida yako. Lakini una haki ya kuuliza sababu yake. Usione haya. Uliza kwa adabu, na majibu yaandike.

Moja na robo, au saba na robo?

Baadaye kidogo simu za abiria zikalia. Ujumbe ulikuwa umeletwa, nao ulisema safari itakuwa 1:15 PM.

Karibu nasi alikaa mzee mmoja mwenye kikapu cha mayai, yamefunikwa kwa makapi ya mpunga. Alikuwa akienda Lamu kumwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza. Akampa kijana aliyekuwa karibu simu yake amsomee. Kijana akasoma haraka haraka, akasema, "Babu, ni saa moja na robo."

Mzee akapiga hesabu yake. "Saa moja na robo usiku! Basi bado mbali. Binti yangu anakaa Kibera, si mbali na hapa. Nitakwenda nikale chakula, nikalale kidogo, nirudi jioni." Akanyanyua kikapu chake.

Dada yangu akamshika mkono. "Baba, ngoja kwanza. Usiende."

Akachukua penseli yangu, akageuza tiketi, na nyuma yake akachora duara kama lile lililo ubaoni kwenu. Akaweka kidole juu ya 1. Kisha akapiga mstari kutoka hapo, ukapita katikati ya duara, ukatokea upande wa pili. Mstari ukaangukia juu ya 7.

"Ni saa saba na robo mchana, baba. Ukienda kulala, utarudi ukute tumekwisha kwenda."

Mzee akalitazama duara. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa na miwani na kalamu mfukoni. "Bwana, ni kweli?"

Nikaitazama hesabu. Ilikuwa kweli. Yule kijana naye hakukosa kwa ubaya. Alitafsiri neno kwa neno, na saa haitafsiriwi hivyo.

Sasa sote tushike penseli. Kwa nini saa yetu na saa ya tiketi hazikubaliani?

Waswahili huanza kuhesabu saa tangu jua kuchomoza. Jua likichomoza, saa moja ikipita, twasema ni saa moja. Likikaribia kuwa juu ya kichwa, saa sita zimepita, twasema ni saa sita. Huku kwetu karibu na mstari wa ikweta jua huchomoza na kuchwa karibu saa zile zile mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hii haituhadai. Watu wa Ulaya huko mbali na ikweta hawawezi kulitegemea jua hivyo, maana kwao wakati wa baridi kali mchana ni mfupi sana, na wakati wa joto ni mrefu sana. Wao huanza hesabu yao usiku wa manane. Kati ya usiku wa manane na kuchomoza kwa jua kuna saa sita. Basi tofauti ni saa sita siku zote. Hesabu zote mbili ni za kweli. Kosa huja mtu anapochukua hesabu ya huyu akaisoma kwa desturi ya yule.

Ziko njia mbili za kugeuza.

Njia ya kwanza ni ya duara, nayo hufaa hesabu 1 mpaka 12. Tazama hesabu ya tiketi, kisha soma ile inayokabiliana nayo upande wa pili. Ukiona 1, soma saba. Ukiona 3, soma tisa. Ukiona 10, soma nne. Zikifuatiwa na herufi AM, ni kabla ya adhuhuri, tangu usiku wa manane. Zikifuatiwa na PM, ni baada ya adhuhuri mpaka usiku wa manane.

Njia ya pili ni ya hesabu zinazokwenda mpaka 23, kama zile zilizo ubaoni. Kuanzia 07 na kuendelea, toa 6. Ukipata zaidi ya 12, toa 12 tena. Kuanzia 00 mpaka 06, usitoe, ongeza 6.

Tujaribu pamoja. 10:30. Kumi toa sita ni nne. Ni saa nne na nusu asubuhi. 13:15. Kumi na tatu toa sita ni saba. Saa saba na robo mchana. 18:00. Kumi na nane toa sita ni kumi na mbili. Saa kumi na mbili jioni. 20:00. Ishirini toa sita ni kumi na nne. Ni zaidi ya kumi na mbili, basi toa kumi na mbili, zabaki mbili. Saa mbili usiku. 06:00. Hapa twaongeza, sita na sita ni kumi na mbili. Saa kumi na mbili asubuhi.

(Kimya kidogo. Darasa lifanye yenyewe 08:00, 15:45 na 21:30.)

Mmepata saa mbili asubuhi, saa tisa na dakika arobaini na tano, ndiyo kusema saa kumi kasorobo, na saa tatu na nusu usiku? Vema sana. Aliyekosa ajaribu tena. Nasi walimu hukosa, kama mlivyosikia.

Imebaki hesabu moja ubaoni, 00:30, nayo ni mtego mkubwa kuliko zote. Sifuri ongeza sita ni sita. Ni saa sita na nusu usiku. Je, usiku wa siku gani? Tarehe ya tiketi hubadilika usiku wa manane. Tiketi ikisema Jumamosi 00:30, yakupasa uwe uwanjani Ijumaa usiku, baada ya chakula cha jioni. Ukilala Ijumaa, ukaamka Jumamosi na kungoja usiku wake, eropleni itakuwa imekwenda zamani. Watu wa pwani wana desturi ya kuuhesabu usiku kwa siku inayofuata, hata usiku wa kuamkia Ijumaa wauita usiku wa Ijumaa. Katika jambo hili hesabu yao yakaribiana na tiketi. Ukiona saa inayoanza na 00, simama, uliza, na uandike jina la siku utakayotoka nyumbani.

Uwanja usio na mji

Eropleni ilikuja kama karani alivyosema. Ilikuwa ndogo, yenye mapanga ya kuzunguka. Mizigo ilipimwa kwa mizani, maana eropleni ndogo haichukui mizigo mingi. Kadiri yake huandikwa katika tiketi kwa herufi KG, yaani kilo. Mzee akakipakata kikapu chake. Tukaruka saa saba na dakika ishirini.

Baada ya saa moja na robo hivi tuliona bahari, na vijito vya maji ya chumvi vimezungukwa na mikoko mibichi. Tukatua. Dada yangu akatazama huku na huku. Hakuona nyumba za mji, wala minara, wala watu wa sokoni. Aliona vichaka na mchanga tu.

Akaniambia, "Mdogo wangu, umenileta tena katika uwanja usio wenyewe?"

Abiria wote wakacheka, nami nikacheka, ingawa moyo ulinipiga. Lakini safari hii hatukukosa. Kiwanja cha Lamu kiko katika kisiwa cha Manda. Mji wa Lamu uko katika kisiwa kingine, ng'ambo ya mlango wa bahari. Ukitoka uwanjani hutafuti teksi. Watembea mpaka gatini, unapanda mashua. Mgeni asiyejua hushtuka, lakini kuvuka ni dakika chache tu.

Nahodha wetu alikuwa mtu wa makamo. Dada yangu alimwuliza kama tutawahi alasiri. Akatazama jua, akatazama maji, akasema, "Mtawahi, mama. Maji yako tele, hatutakwama."

Nilimwuliza habari za maji, akanieleza. Kwa siku moja, mchana na usiku, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Na kila siku hujaa baadaye kuliko jana, kwa muda wa karibu dakika hamsini. Leo yakijaa saa tisa, kesho yatajaa karibu na saa kumi. Mtu asiyelijua hilo atasema bahari haina kawaida. Mwenyewe wa pwani aijua hesabu yake. Nikawakumbuka wazee wake, waliotweka matanga kwenda na kurudi Arabuni. Walirudi na pepo za kaskazi, wakaondoka na pepo za kusi. Walingoja miezi, si saa tatu kama sisi, na hawakuona aibu kungoja, kwa kuwa walijua wangojea nini.

Mji ukatokea mbele yetu. Nyumba za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Milango imechongwa nakshi. Njia ni nyembamba, na mizigo hubebwa na punda au mikokoteni. Karibu na pwani iko ngome ya kale iliyomalizika kama mwaka 1821. Kwa ajili ya ukale wake na kwa kuwa watu wangali wanakaa humo kwa mila zao, mji huu ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Tulipanda ngazi za gati saa tisa na robo. Mpwa wangu alikuwa amesimama juu, amekwisha kuvaa kanzu ya arusi, lakini uso wake ulikuwa wa mtu mwenye msiba, maana alikuwa akitupigia simu bila kutupata. Alipomwona mama yake alishuka mbio. Mzee wa mayai akapokewa na binti mwenye mtoto mchanga begani, akamwuliza kwanza jina la mtoto, ndipo akakumbuka mayai. Hakuna hata moja lililovunjika.

Alasiri ikaadhiniwa. Nikahi ikasomwa. Nilisikia vigelegele vya wanawake kutoka dari la juu, na katika vigelegele vile naliijua sauti ya dada yangu.

Siku ya pili mpwa wangu alituchukua Shela, penye pwani ndefu ya mchanga mweupe. Dada yangu alikaa ukingoni, akaweka miguu majini, goti likapoa. Akaitoa ile tiketi ya kurudi katika mkoba wake, akaisoma tena tangu mwanzo mpaka mwisho. Akanipa. "Isome na wewe, Mwalimu," akasema. "Safari hii soma yote."

Nikaisoma yote.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Katika tiketi soma mambo matano. Kwanza jina lako. Liwe sawa na lililo katika kitambulisho. Pili tarehe na jina la siku. Tatu mahali unapotoka na unapokwenda. Nne saa, kisha uigeuze kwa saa yetu. Tano uzito wa mizigo.

Safari ikichelewa uliza maswali matatu: Kwa sababu gani? Sasa ni saa ngapi? Isipokuwapo, mtanifanyia nini?

Na ikiwa mwenzako, awe mdogo au mkubwa, mwenye elimu nyingi au chache, ameweka kidole juu ya herufi akakuuliza maana yake, usimwambie atulie. Itazame herufi hiyo pamoja naye.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini wasafiri hawa walikwenda kwanza katika uwanja usio wao?
2. DELAYED na CANCELLED zatofautianaje?
3. Kwa nini mvua ya mahali pengine yaweza kuchelewesha eropleni yako?
4. Yule mzee alitaka kurudi saa ngapi? Ingekuwaje kama angekwenda?
5. Nani alisoma vizuri siku ile? Toeni sababu.

KAZI YA NYUMBANI

Andika saa hizi kwa saa yetu: 05:30, 09:00, 12:45, 16:20, 22:10, na 00:15 ya siku ya Jumanne. Kwa hii ya mwisho andika pia ni siku gani utakayotoka nyumbani. Kisha tafuta karatasi yoyote nyumbani kwako yenye saa, iwe ya basi au ya hospitali, uilete darasani.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.